Uji Haukwami

Heru Juu, Kasulu
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mama Fidele, mwanangu,

Mvua imetukuta na majembe mikononi, tumshukuru Imana. Shamba la bondeni nimekwisha lilima, bado kupanda. Jirani yangu Claudine atakupa mkungu wa ndizi pamoja na barua hii. Usigawie walimu wenzako wote, ninyi Wakurya mkipata kitu mnaita ukoo mzima.

Usiniandikie tena habari za simu. Sikio langu la kulia lilikufa siku nyingi, la kushoto husikia likipenda. Ukinipigia, Claudine huweka sauti ya juu, na jirani zangu wote hujua umenigombeza kwa lipi. Barua naisoma mwenyewe, peke yangu. Masista walinifundisha kusoma kabla baba yako mkwe hajaniona, na macho bado ni yangu. Claudine huenda soko la Kibondo kila Jumatano na Jumapili na kurudi jioni, na hiyo kwangu ni posta ya kutosha.

Fidele ni mzima. Ana miaka miwili na nusu lakini anatuamuru kama mwenyekiti wa kitongoji. Kila nikimtazama namwona baba yake, Kipriani wangu, wa umri huo, mpaka ule mkunjo wa shingoni. Asante kwa kuniachia. Tangu marehemu atutoke, nyumba hii ingekuwa imenimeza.

Jumanne alipaliwa na uji kidogo. Nilimpiga mgongoni, ikapita. Sasa ana kikohozi, ni hii mvua. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa Claudine, maana mdomo wa Claudine hauna mlango.

Mama yako mkwe,
Esteri


Kibondo
Jumatano, 6 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Ndizi zimefika na zimeshaliwa, na ndiyo, niliita ukoo mzima. Ungeona walimu wa sayansi wanavyomenya.

Nina mambo matatu. La kwanza, nimeteuliwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne kuanzia tarehe 11 hadi 29. Simu tunazikabidhi siku ya kwanza, na hakuna ruhusa ya kutoka kituoni isipokuwa Jumapili. Claudine aache barua kwa askari wa getini.

La pili ni hicho kikohozi. Mpeleke zahanati, usingoje. Na uji, Mama? Mtoto huyu anakunywa uji tangu ana miezi sita. Hajawahi kupaliwa nao hata siku moja. Kumbuka tulivyokubaliana: hakuna karanga, hakuna bisi, hakuna mahindi ya kukaanga mpaka afikishe miaka mitano. Najua ulinicheka ukasema watoto wa walimu hulelewa kwa vitabu. Cheka, lakini usimpe.

La tatu ni la furaha. Nimepewa nyumba ya shule, vyumba viwili na jiko. Sitabanana tena kwenye chumba cha kupanga. Januari nitakuja kumchukua Fidele.

Wako,
Ghati


Heru Juu
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na ya pili kwa tumbo.

Zahanati tumekwenda. Wamesema nimonia, wamempa dawa ya maji ya rangi ya waridi, kijiko asubuhi na jioni. Anaipenda, anailamba mpaka kijiko kinang'aa. Usiku hulala, isipokuwa kifua chake upande wa kulia kinapiga filimbi nyembamba. Mimi siisikii, nimeambiwa na Claudine. Nikiweka kiganja changu hapo naihisi ikitetemeka.

Karanga unayoiuliza haipo nyumbani kwangu. Ulikataza, nikatii. Mimi mzee, lakini sikukosa adabu.

Sasa hiyo Januari. Umeiandika mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kuagiza chumvi. Nilizaa mmoja, Ghati. Barabara ikamchukua na lori lake. Akaniachia huyu mdogo, nawe ukanipa nimshike. Vyumba viwili na jiko ni vizuri, hongera. Lakini nani atakaa naye ukiwa darasani? Dada wa kazi wa miaka kumi na mitano? Fikiri vizuri.

Esteri


Kibondo
Jumanne, 12 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Nimekuumiza na hiyo Januari, naona. Tutaizungumza tukikutana. Leo sina nafasi, naandika wakati wenzangu wanakula.

Jumapili nilimsomea barua yako Daktari Khatibu, yule Mpemba tunayepanga naye nyumba moja. Alikuwa anakunywa chai. Nilipofika kwenye filimbi ya upande mmoja aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mwalimu, mtoto alipaliwa lini, na nini?" Nikamjibu kwamba ulisema uji. Akatikisa kichwa. Akasema, "Uji haukwami. Uji hukoholewa ukaisha siku hiyohiyo."

Unajua mimi ni mwalimu wa Kiswahili, maneno ndiyo jembe langu. Wanafunzi wangu huchanganya yote. Mwiba wa samaki ukikwama kwenye njia ya chakula, umesakamwa. Mtu akikushika koo kwa mikono, umekabwa. Kitu kikiingia njia ya hewa, umepaliwa, na kitu hicho kikibaki huko hakiozi salama. Mapafu huanza kuugua upande ule kiliko, na kila mtu husema nimonia, nimonia, mpaka siku kinahama na kuziba kabisa.

Basi nakuuliza kama daktari alivyoniuliza mimi. Siku ile ya Jumanne alikuwa na nini mdomoni? Je, alinyamaza ghafla? Alibadilika rangi? Nijibu kwa neno moja tu, hata bila salamu.

Ghati


Heru Juu
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mwalimu,

Uji. Hilo ndilo neno lako moja.

Kwetu hatuna maneno matatu kwa jambo moja. Tunasema kunigwa, awe amenigwa na mfupa, na moshi, au na mkono wa mtu, na tunajua tunachokisema. Nimelea mtoto wangu na wa dada zangu wawili, hakuna aliyenifundisha kwa kitabu. Huyo Mpemba wako hajamwona mtoto, anatibu barua.

Dawa ya waridi imekwisha na kikohozi kimezidi. Jana alikohoa mpaka akatapika. Anakula kidogo. Claudine ameniambia kitu ambacho nilikuwa nacho kichwani siku zote: hiki ni kimeo. Ule ulimi mdogo unaoning'inia nyuma ya koo umerefuka, unamgusa, unamkohoza. Ungekuwa wa huku ungejua. Baba yake alikohoa hivihivi akiwa na umri huuhuu, nikampeleka akakatwa, na wiki ya pili alikuwa anakimbiza mbuzi.

Mzee Ndayiragije anakuja Jumamosi ijayo, tarehe 23. Mkono wake ni mwepesi, amekata nusu ya kata hii. Nitampeleka Fidele. Nakupa taarifa kwa kuwa wewe ni mama yake. Ruhusa siombi, maana mtoto anakohoa huku, wewe uko huko.

Esteri


Kibondo
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mama,

Usimpeleke. Usimpeleke. Claudine amesimama mbele yangu na mizigo yake, gari linapiga honi, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Nimetoka kwa Daktari Khatibu sasa hivi. Amesema mtoto ambaye njia ya hewa tayari ni nyembamba, ukimkata kooni, damu inashuka kulekule. Hutamwona akifika wiki ya pili. Akikatwa nitakwenda polisi, Mama, naapa kwa kaburi la Kipriani, nitakwenda nikiwa nalia lakini nitakwenda.

Amesema na jingine, na hili lisome polepole. Ikiwa ni mbegu, tuseme karanga au harage, picha ya kifua haiioni. Mfupa huonekana, sarafu huonekana, lakini karanga haionekani. Daktari atatazama picha, ataona pafu limejaa hewa au limenywea, na ataandika nimonia kama wengine. Anayeweza kuionyesha karanga ni mtu aliyeiona ikiingia. Hakuna mashine ya kufanya kazi hiyo. Mtu huyo akinyamaza, mtoto anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao mpaka mwisho.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mfichaji ni mmoja na maradhi ni ya mwingine.

Sikuulizi kwa nini. Nauliza nini tu. Kama kulikuwa na kitu, mpeleke hospitali ya Kabanga leo hii na umwambie daktari. Mimi nimeomba kubadilishwa kazini, wamesema wanatafuta mtu. Nikipata jibu lako kwamba umemfikisha hospitali, nitapumua.

Ghati


Kasulu
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Mwalimu,

Ni mimi Claudine. Namtuma dereva na kikaratasi hiki, simu yako haipatikani. Jumatano sikusafiri, mvua ilikata njia.

Barua yako nilimpa mkononi Jumapili ileile. Hakuifungua. Ameitia ndani ya Biblia. Kila siku namwuliza, Mama Kipriani, umesoma? Ananiambia, nitasoma mambo yakiisha. Biblia yenyewe haifungui tena, anasali kwa kichwa tu. Sijawahi kumwona hivyo tangu msiba.

Fidele si mzuri. Leo asubuhi alipokohoa midomo iligeuka zambarau, kisha ikarudi. Kesho asubuhi ndiyo wanakwenda kwa mzee. Mimi ndiye nilisema kimeo, nilisema kama watu wanavyosema. Sasa naogopa.

Mama hana nguvu za mwaka jana. Ile Jumatatu ya mwisho wa Oktoba nilimpelekea debe la karanga za mbegu, akazibambua peke yake na mtoto mgongoni, akakataa nimsaidie. Msaidie wewe. Njoo, mwalimu. Mana yanje, Mungu wangu, njoo.

Claudine


Kabanga
Jumamosi, 23 Novemba 2024, saa saba mchana

Ghati,

Yu hai. Hilo naandika kwanza ili usisome mengine ukitetemeka. Yu hai na ana mpira wa hewa puani.

Karatasi hii nimemwomba muuguzi, na kalamu ni yake. Gari la wagonjwa linatiwa mafuta. Tunapelekwa Mwanza, kwenye hospitali kubwa yenye kifaa cha kushuka kifuani kwa njia ya mdomo. Barua namwachia muuguzi huyu, najua ukikuta nyumba tupu utakuja hapa.

Ilikuwa karanga. Niliirusha mimi.

Tuna mchezo, mimi na yeye. Hujauona kwa sababu ulipokuwa ukija niliuficha. Anasimama hatua tatu, anafungua mdomo, narusha, anadaka. Kipriani nilimchezesha hivyohivyo kila msimu wa kubambua mbegu, na ndiyo maana sikuona hatari, nilimwona Kipriani. Siku ile ya tarehe 29 alidaka tatu. Ya nne ilimkuta anacheka.

Hakupiga kelele. Nilidhani mtu anayenigwa hupiga kelele. Alinyamaza, akanitazama, na macho yake yaliniuliza nimemfanya nini. Akawa na rangi ya majivu. Nilimgeuza kichwa chini, nikampiga mgongoni, nikaita majina yote ya Imana. Halafu akakohoa, akalia, nikalia naye. Akaomba uji, akaumaliza. Hapo ndipo nilipoliokota lile neno nililokuandikia. Nilitafuta ile karanga mkekani nisiione, nikajiambia ameimeza. Nilijiambia hivyo kila siku.

Ulipoandika habari ya Januari, niliona mlango umefungwa mbele yangu. Nilijisemea nikikiri sasa, Ghati hatangoja Januari, atakuja kesho amchukue na sitamwona tena. Kikohozi kilipozidi nilitamani kiwe kimeo, nilitamani kwa roho yote. Kimeo hakina mwenye kosa, mtoto huzaliwa nacho. Ningempa mzee kile kisu anikatie na dhambi yangu humohumo.

Leo asubuhi tulikuwa wa nne kwenye foleni. Mzee Ndayiragije alikuwa anapasha kisu moto. Fidele alilala begani kwangu, hakulia hata alipowasikia wenzake, na hilo ndilo lililonitisha, maana huyu ni mtoto wa kupigania hata kijiko. Nilifungua Biblia nitafute zaburi ya kutuliza moyo, nikaikuta barua yako. Siku sita niliiogopa. Nikaifungua. Nilifika pale ulipoandika kwamba picha haiioni karanga. Mtoto wa tatu akaitwa. Nikasimama.

Mzee akaniuliza, "Mama Kipriani, unaondoka na zamu yako imekaribia?"

Nikamwambia, "Nakwenda kusema."

Bodaboda alitufikisha Kabanga kwa matope mpaka magotini. Daktari wa hapa ni mdogo kuliko Kipriani angekuwa leo. Alipiga picha, akaitazama, akaniuliza swali lile lile ulilonitumia kwa barua. Ghati, nilidhani nitakufa kabla ya kulijibu. Nilipolijibu, hakunigombeza. Aliandika tu, akanyanyua simu akapiga Mwanza. Ningependa angenigombeza.

Majuto ni mjukuu, husema watu wa Kiswahili. Mimi nimewapakata wote wawili kwenye paja moja.

Dereva ananiita. Usipande gari la usiku, barabara imeharibika.

Esteri


Kibondo
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama Kipriani,

Wiki nane sijakuandikia. Claudine ameacha kuniuliza kama kuna barua ya kupeleka.

Fidele ni mzima. Anapumua pande zote mbili. Daktari Khatibu huweka sikio lake kila Ijumaa na kusema hakuna filimbi tena.

Nina hasira, na sitakuandikia kwamba zimekwisha. Mwanza nilikupita mlangoni mwa wodi bila kukuamkia. Mama yangu angeniona siku ile angenikana. Siku nne tulikaa kwenye kitanda kimoja cha mtoto, wewe upande huu na mimi upande ule, kila mmoja akizungumza na muuguzi. Ulinichemshia maji ya kuoga, nikayamwaga. Ulipoondoka hukusema kwaheri, na nilishukuru, kwa sababu nisingeitikia.

Waliyoitoa ilikuwa nusu karanga. Imevimba, laini, haina rangi. Waliniwekea kwenye kichupa. Nilikileta mpaka huku, nikakiweka juu ya kabati, na kila jioni nilikitazama nikitunga barua ya kukutumia pamoja nacho. Barua hizo usingezipenda.

Daktari wa Mwanza aliniambia kitu ambacho nimekaa nacho wiki zote hizi. Alisema wengi hufika kwake wakiwa wamechelewa, kwa sababu watu wa nyumbani husema "hatujui alianza lini." Akasema, "Huyu alifika akiwa na jibu." Nikakasirika zaidi. Nilitaka uwe mwovu mtupu, ingekuwa rahisi.

Na mimi pia nina langu. Niliandika Januari bila kukuuliza. Nilikupa mtoto kwa mkono mmoja nikamvuta kwa mkono mwingine, halafu nikataka ukweli kutoka kwa mtu niliyemtishia. Sikurusha karanga, lakini ule woga uliokuziba mdomo, sehemu yake niliuandika mimi, kwa mwandiko mzuri wa ualimu.

Jana nilikuwa nasahihisha madaftari. Fidele akaja, akarudi nyuma hatua tatu, akafungua mdomo, akangoja. Kwanza sikuelewa. Nilipoelewa, niliweka kalamu chini. Nikamwambia funga mdomo. Akafunga. Akafikiri kidogo, akafungua tena. Kisha akasema, "Bibi."

Nililia mpaka madaftari ya watu yakalowa. Mtoto huyu haikumbuki ile karanga. Anakumbuka aliyekuwa anairusha.

Leo nimemshonea mpira wa matambara na kumfundisha kudaka kwa mikono. Namrushia, anaangusha, haokoti. Anatazama mlango. Mimi sijui kurusha, au siyo mimi anayemtaka.

Kichupa nimekitupa chooni asubuhi hii.

Njoo. Sijui tutaongea nini, na huenda siku ya kwanza nikakununia. Dada wa kazi niliyempata ana miaka kumi na mitano, ulibashiri sawasawa. Chumba cha pili kina kitanda.

Shikamoo, Mama.

Ghati


Heru Juu
Jumanne, 14 Januari 2025

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Barua yako niliifungua hapohapo mlangoni, Claudine akiwa hata hajatua mzigo. Niliisoma nimesimama. Alipoona nimekaa chini alidhani ni msiba, akaanza kupiga yowe, nikamrushia kanga yangu anyamaze. Sasa kata nzima inajua nimeitwa.

Nuna utakavyo. Mimi nitakaa jikoni mpaka uchoke kununa. Usimwage maji tena, ni hilo tu naomba, yalinichoma kuliko maneno.

Karanga za bondeni zimetoa maua. Nilizipanda kabla ya yote kuharibika na sikuweza kuzing'oa. Nimemwambia Claudine avune yeye akauze mbali, zisipite tena kizingiti changu.

Jumapili nitapanda gari pamoja naye. Tangu nizaliwe sijawahi kwenda kwa mtu bila kushika kitu, mkono mtupu haulambwi. Jana nilifunga ndizi, nikaongeza muhogo, nikaongeza na kuku. Kisha nikafungua vyote nikavirudisha.

Nitakuja bila kitu. Nipokee getini, uitazame mikono yangu yote miwili. Ukiridhika, ndipo unipe mtoto.

Esteri